Chanjo hai za bakteria kwa kuku: udhaifu wao unatoka wapi, na namna ya kuwafikisha wazima hadi kwa kuku wa Goma

Chupa ya chanjo hai ya Salmonella yenye dozi 1,000 hubeba bakteria wapatao bilioni 100, kwa kuwa kila dozi ya kunywesha huwa na milioni 100 au zaidi. Wachanganye na maji ya Ziwa Kivu yaliyotiwa klorini pale ufukweni kuzuia kipindupindu, na wengi wao watakuwa wamekufa kabla kuku wa kwanza hajainamisha mdomo. Kuku watakunywa vizuri, tarehe itaandikwa kwenye daftari, na miezi michache baadaye homa ya matumbo ikipita bandani lawama itaiangukia chanjo au aliyeiuza, wakati kosa lilikuwa ndani ya bidoni.

Wengi wetu tumezoea chanjo ya kideri, tukadhani chanjo zote za maji zinafuata sheria moja. Kideri ni virusi, na antibiotiki haiui virusi. Mtu anaweza kutoa tetrasiklini Jumatatu na chanjo ya kideri Jumanne, asiharibu kitu. Akifanya vivyo hivyo na chanjo hai ya Salmonella, au ya kolibasili (bakteria E. coli), amewanywesha kuku wake bakteria pamoja na dawa ya kuwaua. Ili kuona kwa nini bakteria hawa ni wepesi kufa kiasi hicho, inafaa kwanza kujua walifanyiwa nini kwenye jeni zao.

Kwa nini bakteria aliye hai

Salmonella Gallinarum, anayeleta homa ya matumbo ya kuku, na ndugu yake Pullorum, anayeleta kuhara kweupe kwa vifaranga, huingia ndani ya seli zilezile zinazopaswa kuwala, wakajificha humo kwenye ini na wengu. Kingamwili zinazoelea kwenye damu, ambazo ndizo chanjo iliyokufa huamsha kwa wingi, hazimfikii vizuri adui aliyeko ndani ya seli. Ili mwili wa kuku ujifunze kumfuata huko, lazima uonyeshwe bakteria anayeingia kweli.

Kwa hiyo mtengenezaji hupima pande mbili. Bakteria akibaki mkali mno, anaua kuku. Akiwa dhaifu mno, anafia kwenye utumbo kabla kinga haijamwona. Anatakiwa aingie, afike kwenye wengu, aishi humo kwa muda, halafu ashindwe. Udhaifu huo umepimwa maabara kwa miaka. Mfugaji hana namna ya kumwongezea bakteria nguvu, ila ana njia nyingi za kumpunguzia zaidi: klorini, joto, sabuni, antibiotiki, ucheleweshaji. Kazi yote ya siku ya chanjo ni kuziziba njia hizo.

Kwa kifaranga wa siku moja kuna faida ya ziada. Utumbo wake ni kama shamba tupu. Bakteria wa chanjo wakiingia kwanza, wanachukua nafasi, na Salmonella wa bandani akija baadaye anakuta pamejaa. Ndiyo maana chanjo nyingi za kunywesha huanza siku ya kwanza, na kuchelewa siku 3 au 4 kunapoteza faida hiyo.

Njia za kumdhoofisha

Njia ya zamani ni kusubiri bahati. Louis Pasteur, mwaka 1880 huko Ufaransa, alieleza kwamba vimelea vya kipindupindu cha kuku vikiachwa hewani muda mrefu vinapoteza ukali, na kuku waliochomwa navyo hustahimili vimelea vikali baadaye. (Ugonjwa huo huletwa na Pasteurella multocida. Hauna undugu na kipindupindu cha watu, na kuku hawawezi kukupa kipindupindu cha ziwani.) Pasteur hakujua jeni ni nini. Aliona matokeo tu.

Chanjo maarufu zaidi ya homa ya matumbo ya kuku, iitwayo 9R, ilitoka pia katika kuchagua, bila kukata jeni. H. Williams Smith aliieleza mwaka 1956. Salmonella mkali amevaa juu ya ngozi yake minyororo mirefu ya sukari inayomkinga na silaha za damu. Bakteria wa 9R hana minyororo hiyo. Ngozi yake ni ya kukwaruza, na herufi R katika jina lake inasimama kwa neno la Kiingereza la hali hiyo. Miaka mingi baadaye, jenomu, yaani DNA yake yote, iliposomwa, sababu ilionekana: katika jeni iitwayo rfaJ, herufi moja ya DNA imebadilika, na mahali palipokuwa na amri ya kuongeza kipande cha protini pamekuwa na amri ya kusimama. Kimeng'enya kinakatika katikati, sukari haipandishwi, minyororo haipati pa kushika.

Herufi moja. Hapo ndipo penye hesabu ambayo kila anayenunua chanjo hii anapaswa kuielewa. Bakteria anapogawanyika, kosa la kunakili herufi fulani mahususi hutokea, kwa makadirio, mara moja katika migawanyiko bilioni 1 hadi bilioni 10. Ni nadra sana, mpaka ukumbuke wingi wao. Katika bakteria bilioni 100, kosa la namna hiyo linaweza kuwapata 10 hadi 100, na kati ya makosa hayo yapo yale yanayoirudisha herufi kama ilivyokuwa. Mwaka 2013 watafiti waliolinganisha jenomu za Salmonella waliotoka kwa kuku wagonjwa na jenomu ya 9R walikuta undugu wa karibu sana kati yao. Hilo halimaanishi 9R itupwe. Imeokoa kuku wengi sana, na pale ambapo homa ya matumbo imezoea kupita, bado ni silaha nzuri. Linamaanisha kwamba haifai kuchomwa kwa vifaranga wadogo, wala kwa kundi ambalo tayari linaumwa, wala kwa dozi ya kubahatisha.

Njia nyingine hutumia antibiotiki kama chujio. Bakteria wengi humwagiwa rifampisini. Karibu wote hufa, isipokuwa wachache ambao jeni yao ya rpoB, inayotengeneza mashine ya kunakili DNA kuwa RNA, imebadilika umbo hata dawa haishiki tena. Mashine iliyopinda hivyo inafanya kazi, lakini polepole. Waliosalia huchujwa tena kwa streptomisini, na mara hii kinachopinda ni mashine ya kutengeneza protini. Mwishoni unapata bakteria anayegawanyika kwa uvivu, mwenye migeuko miwili au mitatu isiyohusiana. Kuku anamshinda kwa sababu kinga inakwenda mbio kuliko yeye. Chanjo kadhaa za Salmonella Enteritidis na Typhimurium za Ulaya zimetengenezwa hivyo. Watu huuliza kama usugu huo utahamia kwa bakteria wengine bandani. Umo ndani ya kromosomu yenyewe kama herufi zilizobadilika, hauko kwenye plasmidi (kipande kidogo cha DNA kilicho nje ya kromosomu) ya kupeanwa, kwa hiyo hauhamihami kirahisi. Tena unasaidia: maabara ikipata Salmonella anayestahimili rifampisini na streptomisini kwa namna ileile, inajua ni wa chanjo.

Kwa mafua ya Mycoplasma kuna chanjo zilizopatikana kwa kutikisa jeni kwa kemikali na kuchagua walioshindwa na joto. Aina za ts-11 na MS-H, zote za Australia, hukua vizuri kwenye nyuzi 33 na hukwama karibu na 39.5. Mwili wa kuku una nyuzi 41 hivi, lakini njia ya juu ya pumzi hupozwa na hewa, kwa hiyo bakteria huyo anaishi puani na kooni, akienda ndani zaidi anakwama. Huwekwa tone moja jichoni. Tatizo lake kwetu ni ubaridi: huhifadhiwa ikiwa imegandishwa karibu na nyuzi 70 chini ya sifuri. Asiyeweza kuonyesha safari ya baridi hiyo kutoka kiwandani hadi Goma, usinunue kwake.

Kukata jeni

Njia iliyo safi zaidi ni kuondoa jeni nzima. Mwaka 1981 Hoiseth na Stocker walionyesha kwamba Salmonella aliyeondolewa uwezo wa jeni ya aroA hawezi kuleta ugonjwa lakini anajenga kinga. Jeni hiyo ina herufi 1,284 katika jenomu ya herufi milioni 4.8 hivi. Kazi yake ni kutengeneza kimeng'enya kimoja katika njia ya kujenga amino asidi za fenilalanini, tirosini na triptofani, pamoja na malighafi ya vitamini ya foleti. Ni kimeng'enya kilekile ambacho dawa ya magugu ya glaifoseti hukiziba kwenye majani.

Kuku, kama binadamu, hana njia hiyo ya kujenga. Anapata amino asidi hizo kwenye chakula, na ile malighafi ya foleti karibu haimo kabisa katika nyama yake. Bakteria asiye na aroA akiwa maabara kwenye supu yenye kila kitu hustawi. Akiingia ndani ya seli ya kuku anagawanyika mara chache kwa akiba aliyokuja nayo, halafu anaishiwa. Hakuna pa kuomba. Chanjo ya kolibasili wa kuku inayopuliziwa vifaranga wa siku moja imetengenezwa hivyo pia.

Maabara hufuata hatua hizi. Vipande viwili vya DNA, kile kinachotangulia jeni na kile kinachoifuata, kila kimoja kikiwa na herufi 500 hadi 1,000, huunganishwa bila jeni ya katikati. Muungano huo hutiwa kwenye plasmidi isiyoweza kujinakili ndani ya bakteria anayelengwa, kwa hiyo ili ibaki lazima ijipachike kwenye kromosomu, mahali panapofanana nayo. Baadaye inajichomoa, na ikichomoka kwa upande wa pili inaondoka na jeni nzima, ikiacha pengo. Ili kuwapata waliochomoa, plasmidi hubebeshwa jeni ya sacB, inayomfanya bakteria afe akilishwa sukari ya miwa. Wanaoota kwenye sukari hiyo ndio walioiachia. PCR, kipimo kinachonakili kipande cha DNA ili kionekane, inaonyesha kipande kifupi kuliko cha mwanzo. Halafu bakteria huwekwa kwenye chakula duni kisicho na amino asidi zile: asiote. Akiongezewa, aote. Majibu hayo mawili pamoja ndiyo ushahidi.

Pengo halirudi kama herufi inavyorudi, kwa sababu hakuna cha kurekebisha. DNA yenyewe haipo. Watengenezaji makini hukata pengo la pili mahali pengine, au huchagua jozi ya jeni kama cya na crp, zinazoendesha mawasiliano ya ndani ya bakteria. Mwishowe chanjo hupitishwa kutoka kuku hadi kuku mara 5 mfululizo kuona kama ukali unaamka.

Tunaomba sana mtu asijaribu kudhoofisha bakteria mwenyewe. Kusaga ini la kuku aliyekufa, kulianika au kulipasha moto, kisha kunywesha waliobaki, ni kuwapa ugonjwa. Joto huua baadhi na kuwaacha wengine wakiwa na ukali wao wote. Jeni zao hazijaguswa.

Kusoma karatasi ya chanjo kabla ya kulipa

Karatasi ndani ya boksi mara nyingi iko kwa Kifaransa au Kiingereza. Tafuta jina la aina ya bakteria, si jina la biashara peke yake. Ukiona 9R, ni ya sindano na ni ya homa ya matumbo. Ukiona aroA, jeni imeondolewa. Ukiona majina ya antibiotiki kama Sm na Rif kwenye jina la aina, ni ile ya kuchujwa.

Angalia pia inalenga nani. Chanjo ya Salmonella Enteritidis imekusudiwa hasa kupunguza bakteria wanaofika kwenye mayai na kwa watu. Kwa kuwa Enteritidis na Gallinarum wanafanana kwenye sukari za ngozi, baadhi hutoa kinga fulani dhidi ya homa ya matumbo pia, lakini iamini tu kama karatasi inasema hivyo. Chanjo ya Typhimurium haitakusaidia kwa homa ya matumbo.

Mwisho, uliza ilivyosafiri. Unga wa Salmonella hutunzwa nyuzi 2 hadi 8. Mji una siku za umeme kukatika, na frigo ya duka iliyolala bila umeme haionyeshi chochote asubuhi, maana imekwisha kupoa tena. Kipimajoto kinachohifadhi kiwango cha juu na cha chini si ghali. Muuzaji aliye nacho na anayekubali ukitazame ndiye wa kurudi kwake. Na kama chanjo haijulikani kwa huduma ya mifugo ya jimbo, iache, hata ikiwa nusu bei.

Maji ya Goma

Hapa ndipo tutakaa, kwa sababu hapa ndipo chanjo nyingi hufa.

Maji ya Kivu yakichotwa juu yana pH (kipimo cha asidi, ambapo 7 ni katikati) karibu na 9, yenye chumvi nyingi. Chanjo hupenda maji yaliyo karibu na 7. Juu ya hayo, yanayochotwa ufukweni au kuletwa na lori kwa kawaida yametiwa klorini, na ya bomba pia. Ni jambo jema kwa watoto wa nyumbani, ni sumu kwa chanjo. Maji ya mvua hayana klorini, lakini gesi ya volkano ya Nyiragongo huyapa asidi, na bati la paa huyaongezea zinki. Kwa hiyo usidhani kwamba "ya asili" yanafaa. Pima kwa karatasi za pH. Ni dakika moja.

Kwa kundi la kuku wasiozidi 300 ushauri wetu ni rahisi: nunua maji ya chupa yasiyo na gesi wala klorini, pima pH, tumia hayo. Lita 12 hazitakufilisi, na bei yake ni ndogo kuliko ya kuku wachache watakaokufa.

Kwa makundi makubwa utatumia maji uliyo nayo, lakini utaua klorini kwanza. Kuna njia mbili. Maziwa ya unga yasiyo na mafuta, gramu 2.5 kwa lita, maana yake gramu 50 kwa bidoni la lita 20. Maziwa ya kopo yanayouzwa madukani mengi yana mafuta yote. Mafuta huelea, huziba chuchu za kunyweshea, na huoza. Tafuta kopo lililoandikwa kwamba mafuta yameondolewa. Njia ya pili ni thiosulfati ya sodiamu, miligramu 16 kwa lita, inayotosha kwa klorini ya miligramu 2 kwa lita. Miligramu hazipimiki kwa mizani ya sokoni, kwa hiyo yeyusha gramu 16 katika lita 1 ya maji safi, halafu chukua mililita 1 ya mchanganyiko huo kwa kila lita, yaani mililita 20 kwa bidoni. Vyovyote utakavyochagua, koroga, subiri dakika 20, ndipo ufungue chanjo. Kuitia pamoja na maziwa kwa wakati mmoja ni kuiacha ipigane na klorini kabla maziwa hayajaifikia.

Bidoni liwe la plastiki, lililosuguliwa kwa maji ya moto bila sabuni. Bidoni lililobeba mafuta ya mawese au dawa ya shamba lisitumike hata likioshwa mara kumi. Ndoo za bati na mabomba ya shaba yaache. Metali hizo huua bakteria.

Kiasi cha maji usikikisie. Siku moja kabla, saa ileile utakayochanja, wanyime maji saa moja na nusu, kisha wape maji ya kawaida uliyoyapima, uone wanamaliza kiasi gani kwa saa 2. Kama huna nafasi ya kupima, kanuni ya haraka ni kwamba kuku 1,000 huhitaji lita sawa na umri wao kwa siku, isizidi 40. Temba 300 wenye wiki 7 wana siku 49, kwa hiyo tunatumia kile kikomo cha 40: mara 0.3 ni lita 12.

Siku yenyewe, anza asubuhi na mapema. Ondoa vyombo vyote vya maji, vioshe bila dawa, uvipange viwe vingi kiasi kwamba theluthi mbili ya kuku wanaweza kunywa kwa wakati mmoja. Fungua kizibo cha chanjo huku chupa ikiwa imezamishwa ndani ya chombo kidogo cha yale maji yenye maziwa, ili unga usiruke hewani, suuza chupa mara mbili, kisha mimina yote kwenye bidoni na ukoroge kwa kijiko cha plastiki. Tangu hapo una saa 2. Tembea bandani ukiwainua walioegemea ukuta. Wanyonge hukosa maji, na wanyonge ndio ugonjwa unaowaanza.

Kutaka uhakika, ongeza rangi ya bluu ya chakula isiyo na klorini. Baada ya saa 2 kamata kuku 30 kutoka pembe zote, fungua midomo. Ulimi na koo vya angalau 27 viwe na bluu. Wakiwa 18, vyombo vilikuwa vichache au kiu haikutosha, na chanjo hiyo ni kama haijafanyika kwa karibu nusu ya banda.

Chupa ya dozi 1,000 kwa kuku 300 mimina yote. Kuigawa na kurudisha nusu kwenye frigo hakusaidii. Iliyofunguliwa imekwisha kufa jioni. Kilicho bora ni wafugaji watatu wa mtaa mmoja, kama Kyeshero au Himbi, kupanga siku moja, mmoja akipeleka bidoni kwa wenzake ndani ya zile saa 2. Kuinyoosha iwatoshe kuku 2,000 ndilo kosa baya zaidi, kwa sababu kila mmoja anapata nusu dozi na hakuna anayepata kinga ya kutegemea.

Sindano ya 9R

Dozi ni mililita 0.2 chini ya ngozi ya shingo, sehemu ya nyuma katikati. Chupa ya dozi 1,000 huchanganywa na mililita 200 za kichanganyio chake. Hesabu ikitofautiana na karatasi yako, karatasi ndiyo ifuatwe. Mara ya kwanza ni wiki ya 6, kamwe si mapema zaidi, na ya pili karibu na wiki ya 14 hadi 16, kabla hawajaanza kutaga.

Inua ngozi kwa vidole viwili itengeneze hema, ingiza sindano kuelekea mwilini, sukuma. Ukihisi manyoya yamelowa, sindano ilitokea upande wa pili. Rudia kwa kuku huyo. Usipake spiriti kwenye ngozi wala usisuuze bomba la sindano kwa dawa ya kuulia vijidudu. Chemsha. Goma iko mita 1,500 juu ya usawa wa bahari na maji huchemka karibu na nyuzi 95, kwa hiyo acha yatokote dakika 20 kamili, yapoe, ndipo uvute chanjo. Tikisa chupa kila baada ya kuku 20 au 30, kwa sababu bakteria hutuama. Wa kwanza watapata maji na wa mwisho watapata uji.

Kuku wa mayai wa rangi ya kahawia ni wepesi kuugua kwa homa ya matumbo kuliko weupe, na hata 9R yenyewe huwaachia wakati mwingine madoa kwenye ini na wengu. Kuku wachache wakizubaa siku moja au mbili baada ya sindano, hiyo hutokea. Wakianza kufa kila siku, mara nyingi kundi lilikuwa na maambukizi kabla hujachoma.

Yanayoharibu chanjo kimyakimya

Pakiti za vitamini. Nyingi zinazouzwa kwa vifaranga zina oksitetrasiklini ndani pamoja na vitamini, imeandikwa kwa herufi ndogo nyuma. Mtu anasema kwa moyo safi kwamba hakutoa antibiotiki, na siku ya chanjo alitia hiyo ili "kuwapa nguvu". Chakula cha kununua nacho huweza kuwa na dawa, muulize aliyekichanganya. Dawa za salfa zinazotolewa kwa koksidiosi ni antibiotiki pia. Acha siku 5 bila dawa hizo kabla na siku 5 baada, au zaidi kama karatasi inavyodai.

Kipimo cha damu. Kuku aliyechanjwa kwa bakteria hai anaweza kujibu kwenye kipimo cha tone la damu kana kwamba anaumwa kuhara kweupe au homa ya matumbo. Pima kabla ya kuchanja, na baada ya hapo mwambie mpimaji chanjo gani ilitumika na lini.

Mbolea. Bakteria wa chanjo hutoka kwenye kinyesi kwa muda. Kinyesi cha wiki za mwanzo kirundikwe kioze, kisimwagwe kwenye bustani ya lengalenga au mboga za kuliwa mbichi. Anayechanja avae glavu na kitambaa puani, anawe kwa sabuni. Mtu mwenye kinga dhaifu asishike kazi hii, na aliyejichoma aende kwa daktari na karatasi ya chanjo mkononi.

Kuku akifa wiki chache baada ya chanjo, usimtupe. Toa ini na wengu siku hiyohiyo, kila kimoja kwenye mfuko wake, ndani ya glasieri (kisanduku cha kutunzia baridi) yenye barafu, usigandishe. Andika juu ya mfuko tarehe ya kifo, umri, jina la aina ya chanjo, namba ya toleo iliyo kwenye chupa, na tarehe ya kuchanja. Maabara ikipata Salmonella itamjaribu kwa tone la akriflavini: bakteria mwenye ngozi ya kukwaruza kama 9R huganda vipande, mwenye minyororo kamili hubaki laini. Akiganda, ni jamaa wa chanjo. Asipoganda, huenda ni yule wa bandani, au 9R aliyerudisha herufi yake, na kuwatenganisha hao wawili kunahitaji kusoma jenomu. Ndiyo sababu namba ya toleo isikosekane kwenye mfuko.